Mafuta yakimwagika majini, leteni sufi, wekeni sabuni kando

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wavuvi, wenye gereji, waosha magari na halmashauri zote zenye bahari, ziwa au mto. Mafuta yakionekana juu ya maji, ushauri wa kwanza karibu kila mahali ni kumwaga sabuni ya unga. Baada ya dakika chache ule mng'ao wa rangi rangi hutoweka, na watu huondoka wakiamini kazi imekwisha. Mafuta hayajaenda popote. Sabuni imeyakatakata kuwa matone madogo mno na kuyashusha chini ya uso wa maji, kule waliko vifaranga na mayai ya samaki. Yakiwa juu yangeweza kuchotwa kwa ndoo. Yakishashuka hayachoteki tena.

Dunia ilijifunza hili kwa hasara. Machi 1967 meli Torrey Canyon ilikwama kwenye miamba karibu na Cornwall, Uingereza, ikiwa na mafuta ghafi yapatayo tani 119,000. Zikamwagwa tani kama 10,000 za dawa za kusafishia. Waliochunguza fukwe zile baadaye walikuta viumbe wa miambani wameuawa zaidi na dawa kuliko mafuta, na sehemu zilizomwagiwa dawa nyingi ndizo zilizochelewa kupona. Dawa za siku hizi za kutawanya mafuta zina sumu kidogo kuliko zile, na zina mahali pake: kwenye kina kirefu, mbali na pwani, kwa idhini ya mamlaka. Mahali pake si horini wala mtoni, na sabuni ya kufulia haihesabiwi kabisa miongoni mwa dawa hizo.

Kabla ya jambo lolote, hakikisheni mnachokiona ni mafuta. Maji yaliyotuama yenye chuma huota utando unaong'aa vilevile, unaotengenezwa na bakteria. Chukueni kijiti mkapitishe katikati yake. Utando wa bakteria hupasuka vipande vipande na kubaki hivyo, ilhali mafuta hujirudia na kuziba njia ya kijiti. Halafu msitishwe na ukubwa wa eneo. Rangi za upinde wa mvua huanza kuonekana utando ukiwa na unene wa sehemu 3 za elfu 10 za milimita, kwa hiyo lita moja tu ya dizeli inaweza kutandaa kwenye mita za mraba zaidi ya 3,000. Utando mwembamba hivyo haunyonyeki kwa kitu chochote, nao kwa jua letu na mawimbi hupungua wenyewe. Nguvu zielekezwe pale penye rangi nzito, nyeusi au kahawia, kwa sababu ndipo mafuta yenyewe yalipo. Na kama ni petroli, msiizingire. Ikikusanywa mahali pamoja mvuke wake huwaka kwa cheche moja ya injini. Ondoeni watu na moto, mkae upande upepo unakotoka, mwiache iruke hewani kama mvuke.

Sasa tuje kwenye vifaa. Cha kwanza kwetu ni sufi, hii hii iliyojaza mito na magodoro ya watu wengi kabla ya sponji kuingia. Unyuzi mmoja wa sufi ni mrija mtupu ndani, na nje umepakwa nta ya asili. Nta huyakataa maji na kuyapokea mafuta, na ule uwazi wa ndani huyahifadhi. Katika vipimo vya maabara, gramu moja ya sufi iliyolegezwa vizuri ilibeba gramu 36 za dizeli na 45 za oili ya injini. Sufi ileile iliposhindiliwa mara nne na nusu zaidi, uwezo wake ulishuka hadi gramu 8 hivi. Tunaisisitiza tofauti hiyo kwa sababu ndilo kosa la kwanza la kila anayetengeneza kizuizi, yaani mfuko mrefu unaotandazwa majini kunasa mafuta: anashindilia sufi mpaka mfuko unakuwa mgumu kama gogo, akidhani sufi nyingi ni kazi nyingi. Mafuta hukaa katika nafasi zilizo kati ya nyuzi, kwa hiyo ukiziziba nafasi hizo umelipoteza ghala lako lote. Kipimo kizuri ni kilo 20 kwa mita ya ujazo, yaani gunia la kilo 100 za mahindi lichukue sufi kilo 2 hadi 2 na nusu tu. Na mnapopanga kazi msitegemee mara 36 wala 45. Baharini kuna mawimbi, mchanga na majani, basi hesabuni mara 10 ya uzito wa sufi. Mkipata zaidi ni faida.

Pamba mbichi kutoka shambani inafuata kwa karibu, hasa ya daraja la chini au mabaki ya kiwandani, kwa kuwa nayo ina nta. Watu hukosea hapa wanapokimbilia pamba ya duka la dawa. Ile imechemshwa na kuondolewa nta ili inyonye maji na damu. Ukiitupa majini hujaa maji na kuzama kabla haijagusa mafuta. Kwa sababu hiyo hiyo sabuni na sufi haziendi pamoja: penye sabuni, nyuzi huacha kuyakataa maji na kizuizi kizima huloa. Mtu aliyetangulia kumwaga sabuni ameyaharibu maji, na amekiharibu pia kifaa ambacho kingekuja kumsaidia.

Makumbi ya nazi, makapi ya miwa, maranda ya mbao na pumba za mpunga vinapatikana bure au kwa bei ndogo, lakini hubeba mafuta mara chache tu za uzito wake, na vyote hunywa maji pia. Lazima vikaushwe juani mpaka vikatike kwa mkono, na visikae majini kutwa. Maranda hasa tunawasihi msiyamwage yakiwa huru. Yakilowa huzama na mafuta yake, na mtakuwa mmeuhamisha uchafu kutoka juu, mnapouona, kwenda chini msikouona. Vitu hivi vina manufaa makubwa kwa mafuta mazito. Mfano upo Mauritius. Meli Wakashio ilipanda mwamba huko Pointe d'Esny tarehe 25 Julai 2020, na kuanzia Agosti 6 ikavuja takriban tani 1,000 za mafuta mazito. Wananchi walijaza majani makavu ya miwa ndani ya vitambaa na nyavu, wakafunga chupa tupu za plastiki ziwe maboya, wakashona vizuizi virefu na kuvivuta baharini. Kwa maoni yetu, vizuizi vile vilisaidia zaidi kwa kuyanasa na kuyazuia mafuta kuliko kwa kuyanyonya, kwani mafuta mazito hushika juu ya majani na nyuzi lakini hayapenyi ndani. Ndiyo maana hata sufi, pamoja na sifa zote tulizoipa, haifai sana hapo. Uzito wa mafuta hauyaruhusu kuingia kwenye mirija myembamba hivyo. Dizeli na oili mpeni sufi. Mafuta yanayonata mpeni makumbi na majani, pamoja na koleo.

Nywele za saluni nazo hutajwa sana tangu mwaka 1989, pale kinyozi mmoja wa Alabama, Marekani, alipoanza kuzijaribu baada ya ajali ya meli ya mafuta Exxon Valdez huko Alaska. Zinashika mafuta kweli. Lakini vizuizi vya nywele vilipolinganishwa na vya kiwandani kule Marekani mwaka 2010, vilibeba mafuta kidogo na maji mengi zaidi. Mahali penye misufi hatuoni sababu ya kuzikusanya.

Asiye na uhakika na kifaa chake akipime kwanza. Weka maji ya bahari lita 10 kwenye beseni, tia gramu 10 za kifaa kikavu, uache saa 24. Kikizama usikitumie. Kikielea, kitoe, kiache kichuruzike dakika 5, ukipime tena. Uzito ulioongezeka ni maji, na ndiyo nafasi ambayo mafuta yataikosa. Rudia na gramu 10 nyingine kavu kwenye beseni lenye oili nusu lita juu ya maji, uache dakika 15, uchuruzishe, upime. Ukigawanya kilichoongezeka kwa 10 utajua kifaa chako kinabeba mara ngapi. Mizani ya dukani yenye kusoma gramu inatosha.

Kutengeneza kizuizi hakuhitaji kiwanda. Shoneni mfuko wa mviringo wenye kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa mita 3. Ujazo wake ni kama lita 94, basi utachukua sufi kilo 2 pungufu kidogo, na ukishiba mafuta utafika kilo 20 au zaidi. Watu wawili wanaweza kuunyanyua na kuutia kwenye mashua. Mifuko ya mita 10 hupendeza ikiwa mikavu, lakini ikiloa hupasuka mikononi mwa wanaoivuta na kumwaga yote iliyokusanya. Kitambaa kiwe wavu wa dagaa uliokunjwa mara mbili, au nailoni ya matundu madogo. Msitumie kabisa vyandarua vya mbu vyenye dawa. Dawa iliyomo ni sumu kali kwa samaki, kamba na kaa, hata kwa kiasi kidogo sana. Pitisheni kamba imara kutoka ncha hadi ncha, na kizuizi kifungwe kwa kamba hiyo na si kwa wavu, ili nguvu ya mkondo ibebwe na kamba. Kila baada ya mita moja fungeni chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye kifuniko. Mkiunganisha mfuko na mfuko, ncha zipishane nusu mita na kufungwa sehemu mbili, kwani mafuta hupita kwenye kiungo kabla ya kupita popote pengine.

Mkondo ndio unaoshinda vizuizi vingi, na hapa vya kienyeji na vya bei kubwa viko sawa. Maji yakikipiga kizuizi moja kwa moja kwa kasi ya zaidi ya sentimita 35 hivi kwa sekunde, mafuta hupita chini yake hata kama kizuizi ni kizima. Pimeni hivi: wekeni alama mbili ukingoni zenye umbali wa mita 10, tupeni kijiti majini, hesabuni. Kikichukua sekunde 28 au zaidi, kizuizi kinaweza kukatiza mkondo. Kikichukua sekunde 20, kilazeni mshazari kiasi cha nyuzi 45 na mkondo. Kikichukua sekunde 10, mshazari uwe mkali zaidi, nyuzi 20 tu, hivi kwamba kizuizi karibu kifuate mkondo na mafuta yateleze pembeni yake kuelekea ukingo wenye maji matulivu. Hapo ukingoni ndipo wakae watu wenye ndoo na magunia ya sufi. Wekeni mstari wa pili mita 2 au 3 nyuma ya ule wa kwanza. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, msipoteze nguvu kwenye mlango wa hori. Rudini ndani kwenye kidaka chenye maji yaliyotulia. Na kumbukeni maji yakigeuka, kila kitu hugeuka: kizuizi kilichofungwa vizuri maji yakijaa kitayaachia mafuta yote yakianza kupwa.

Mafuta hufuata mkondo, na juu ya hapo husukumwa kwa takriban asilimia 3 ya kasi ya upepo. Kusi ikivuma kilomita 20 kwa saa, upepo peke yake unaweza kuyapeleka kilomita 14 kwa siku, nao mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini vilevile. Anayetafuta mafuta ya jana mahali yalipomwagika jana atarudi mikono mitupu.

Kwenye mikoko tunaomba watu wazuie nje, wasiingie. Mchu hupumua kwa vijiti vinavyochomoza matopeni, na mkoko kwa vitundu vya mizizi yake ya magongo. Mafuta yakiviziba, mti hufa polepole, na majani hupukutika wiki au miezi baadaye, wakati kila mtu ameshasahau. Mwaka 2005 mafuta ghafi ya meli yalimwagika katika bandari ya Kilindini, Mombasa, na mikoko ya hori la Port Reitz ikaharibika. Watu wakiingia kusafisha kwa miguu huyakanyagia mafuta ndani ya tope lisilo na hewa, ambako bakteria wanaokula mafuta hawawezi kufanya kazi. Kule Bahía Las Minas, Panama, mafuta yaliyomwagika mwaka 1986 yaliendelea kuchuruzika kutoka kwenye matope ya mikoko kwa miaka mingi. Laza vizuizi kwenye ukingo wa nje, rusha maji ya bahari kwa pampu yenye msukumo mdogo wakati wa kupwa ili mafuta yatoke yenyewe, uyanase nje. Usikate mti wala kuchota tope.

Bakteria tumewataja, basi tuseme na hili. Zipo chupa zinazouzwa kwa madai kwamba zina vijidudu vya kumaliza mafuta. Vijidudu hivyo tayari vipo karibu katika kila bahari; wanachokosa ni hewa, naitrojeni na fosforasi. Alaska, baada ya ajali ya 1989, mbolea ndiyo iliyotumika kwa wingi kuwasaidia bakteria wa palepale. Mbolea hiyo iliwekwa kwenye kokoto za ufukweni, ambako ilikaa. Kwenye maji wazi itasambaa na kulisha mwani badala yake.

Mafuta mengi yanayoingia kwenye mito ya mijini hayatoki melini. Yanatoka gereji na sehemu za kuoshea magari, kidogo kidogo kila siku. Huko kizuizi si jibu; jibu ni shimo la kutenganisha. Jengeni vyumba viwili: cha kwanza cha kutuliza mchanga, cha pili cha mafuta kuelea. Bomba la kutolea maji lianzie chini, sentimita 30 kutoka sakafuni, lipande kwa kiwiko hadi kimo cha maji, ili yanayotoka yawe maji ya chini na si mafuta ya juu. Kila chumba kiweze kutunza maji ya saa moja; ukitumia lita 600 kwa saa, jenga chumba cha lita 600. Tone la dizeli lenye kipenyo cha maikroni 150, kama sehemu ya saba ya milimita, hupanda mita moja kwa dakika 9 hivi. Sabuni ikilikata hadi maikroni 20, litahitaji zaidi ya saa 8, na kabla ya hapo litakuwa limeshatoka nje na maji. Kwa hiyo maji ya kuoshea magari yasipite shimo moja na ya sehemu ya kubadilishia oili. Mdomoni mwa bomba la kutolea wekeni kikapu cha waya chenye sufi, kikaguliwe kila wiki. Weusi ukifika katikati ya sufi, badilisheni. Mafuta yaliyo juu yachotwe kabla hayajafika unene wa sentimita 5.

Sufi iliyoshiba si takataka ya kutupa shimoni. Ikamueni juu ya pipa kati ya mbao mbili, irudisheni kazini. Uwezo hupungua kila mzunguko, lakini inarudi mara kadhaa. Mafuta yaliyokamuliwa yatulie siku mbili, maji yafunguliwe kutoka chini, yanayobaki yapelekwe kwa wakusanyaji wa oili chakavu wenye kibali. Sufi iliyochoka ihifadhiwe kwenye pipa lenye kifuniko, mbali na jiko, na mahali pake pa mwisho ni tanuri la saruji, ambamo klinka, yale mawe yanayosagwa kuwa saruji, hupikwa kwenye nyuzi zipatazo 1,450. Kuichoma jalalani kunawapa majirani moshi wenye sumu. Kuichanganya na samadi ioze kunawezekana kwa dizeli, si kwa oili chakavu ya injini, yenye metali ambazo bakteria hawawezi kuzila. Wanaofanya kazi hii wavae glavu za nitrili, kwa kuwa mpira wa kawaida huvimba na kulegea kwenye mafuta. Ngozi iliyochafuka isisuguliwe kwa petroli wala mafuta ya taa. Ipakwe mafuta ya kula, ifutwe, ndipo ioshwe kwa sabuni nchi kavu.

Kwa wenzetu wa Tanga kuna neno la ziada. Mafuta ghafi ya bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida, ndiyo maana bomba lenyewe limebuniwa la kupashwa moto. Yakimwagika baharini yatakuwa mabonge na magamba yanayoelea. Sufi haitayanywa, wala kitambaa chochote cha kunyonya kilichonunuliwa nje. Yatahitaji nyavu za kuchotea zenye matundu madogo, mashua nyingi ndogo na mapipa, yaani vitu ambavyo wavuvi wanavyo na wanavijua kuliko mtu yeyote. Tunaziomba mamlaka za bandari na mazingira ziwaingize wavuvi hao kwenye mipango ya dharura sasa, kwa majina na kwa mafunzo, wasiitwe siku ya ajali kama vibarua.

Kwa kila diko, yaani mahali wavuvi wanaposhusha samaki, tunapendekeza BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha hapo) ihifadhi vizuizi 10 vya mita 3, ambavyo kwa hesabu yetu ya mara 10 vitabeba dizeli zaidi ya lita 200. Magunia 4 ya sufi ya akiba. Kamba mita 100. Mapipa 2 yenye vifuniko. Ndoo, koleo na glavu. Sufi ikae kwenye mifuko ya plastiki, juu ya mbao, mbali na panya na moto. Ufunguo uwe na watu wawili wanaolala karibu na diko, na zoezi la kuvitandaza lifanyike mara mbili kwa mwaka, moja maji mafu na moja wakati wa bamvua.

Ni sisi wasomaji wako,
Mafundi wa maji na mazingira, Tanga